Dawa ya Ndege

Rujewa,
14 Aprili 1957

Lea mpenzi,

Sitaanza kwa kukuambia kwamba mimi ni mzima wa afya na hofu ni kwako. Hivyo ndivyo anavyoandika kila karani wa boma, na mtu aliyekaa Makerere miaka mitatu hana budi kuonyesha tofauti.

Nilifika wiki iliyopita. Basi lilinitupa Igawa pamoja na kuku wa watu, nikangoja Landrova ya Bwana Harkness mpaka jua likanibabua shingo. Ulipokuwa unaniaga pale Iringa na koti lako la baridi, hukujua unanipeleka tanuruni. Usangu ni tope, mbu na kelele.

Basi hii ndiyo sayansi yangu ya likizo ndefu. Wenzangu wamepata maabara zenye vioo na maji ya bomba. Mimi nimepewa ndege. Kwelea, wale wadogo wenye mdomo mwekundu, wanaoshuka juu ya mpunga kama moshi na kuondoka wakiacha makapi. Kila asubuhi naletewa kapu la waliopigwa bunduki, nami nawapasua koo kuona wamekula nini. Wamekula mpunga. Jana pia walikuwa wamekula mpunga. Bwana Harkness anataka tuendelee, huenda kesho wakala nyama ya kondoo.

Huyu Bwana ni mtaalamu wa ndege wa Serikali. Anavaa kaptula inayoweza kuwatosha watu wawili, na Kiswahili chake ni cha kuamrisha tu. Hana hata neno moja la kuuliza. Lakini ripoti atakayoipeleka chuoni ndiyo itakayoamua kama nitakwenda Uingereza kuendelea na masomo. Kwa hiyo akicheka, nacheka.

Na wenyeji! Tangu alfajiri wako juu ya dungu, kichanja cha miti katikati ya mashamba, wanapiga madebe, wanarusha udongo kwa teo, wanawatukana ndege. Wanawatukana, Lea, kana kwamba ndege wana haya. Kuna mama mmoja anaitwa Damari, shamba lake linapakana na kambi yetu. Huyu ndiye bingwa. Anawaita wezi, wachawi, wakwe wabaya. Jana jioni nilimwigiza mbele ya Bwana Harkness, sauti na mikono, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Nadhani nimepiga hatua kubwa kuelekea Uingereza.

Wako,
Asukile


Iringa,
23 Aprili 1957

Asukile mpenzi,

Barua yako niliisoma wakati wa somo la kushona, wasichana wakidhani nasoma mambo ya shule. Ilibidi nijifanye napiga chafya.

Huku mambo ni yale yale. Misi mkuu wetu amekataza walimu kucheka barazani baada ya saa kumi, anasema sauti zinafika mpaka kwa wageni wake. Wageni wenyewe ni paka wawili. Na yule Mwalimu Crispin wa shule ya wavulana, anayepaka mafuta nywele mpaka nzi wanateleza, ameniletea shairi. Kila ubeti ananifananisha na ua, na hakuna ua hata moja analolijua jina. Nimelisahihisha kwa wino mwekundu nikamrudishia. Nimempa nne kwa kumi, tena kwa ajili ya mwandiko.

Huyo mama uliyemwigiza, niandikie habari zake zaidi. Ni mtu wa umri gani? Mumewe yupo? Mpunga wao umeshika mwaka huu? Na kifua chake, kizima?

Nijibu upesi.

Wako,
Lea


Rujewa,
4 Mei 1957

Lea mpenzi,

Umenifurahisha. Wachumba wa wenzangu wanaomba khanga, wewe unaomba Damari. Haya, pokea.

Ni mama wa makamo, mwembamba, mrefu kuliko mumewe. Umeniuliza mpaka kifua, umekuwa daktari? Anakohoa asubuhi kama Landrova isiyotaka kuwaka. Mumewe ni Saulo, mzee wa kanisa, mtu wa kuitikia. Mkewe akisema mvua, Saulo anasema mvua. Akisema jua, Saulo anavua koti. Mpunga wao umeiva vizuri, hilo nakiri. Jioni Damari hutuletea maziwa kambini bila kuombwa, na Bwana Harkness huyamwaga nyuma ya hema kwa kuwa hayakuchemshwa mbele ya macho yake. Kesho yake mama analeta tena, anauliza kama yalikuwa matamu. Namwambia Bwana ameyasifu sana. Anaondoka amenyoosha shingo kama malkia.

Sasa sikia habari yenyewe. Kupasua koo kumekwisha. Itakuja ndege ndogo kutoka uwanja wa Mbeya, ndege ya kuua ndege, imwage dawa juu ya matete wanakolala kwelea. Ni dawa ya mafuta, inanuka kama kitunguu saumu, na ni kali ajabu: ikikuangukia mkononi usiponawa unaweza kufa. Bwana Harkness amenikataza kuwaeleza wenyeji hivyo. Wakisikia neno sumu watasema Serikali inataka kuwamaliza, jumbe atagoma, na kazi ya mwaka mzima itapotea. Tuwaambie ni dawa ya ndege, basi. Nami sikubisha. Watu kama hawa utawaeleza nini wakaelewa?

Damari alinijia mwenyewe mbele ya majirani zake. "Mwanangu," akasema, "dawa hiyo inaua ndege tu?"

Nikamjibu, "Inaua ndege na wajinga."

Wote wakacheka, hata yeye. Unaona, si watu wabaya. Ni wepesi tu kufurahishwa.

Wako,
Asukile


Iringa,
9 Mei 1957

Bwana Asukile,

Damari ni mama yangu mdogo.

Mama yangu alipofariki mimi nilikuwa sijaota meno. Damari ndiye aliyenilea, hapo hapo Rujewa, na ndiye aliyenibeba mgongoni juu ya dungu hilo unalolicheka. Matusi ya kwelea niliyajua kabla ya Sala ya Bwana. Baba alinichukua Iringa kusoma nikiwa msichana mkubwa, na Saulo, huyo mtu wako wa kuitikia, alibeba sanduku langu kichwani siku nzima akilia kama mtoto.

Utauliza kwa nini hukuambiwa. Siku ya kwanza nilipokuona, kwenye ile harusi, ulikuwa unamwigiza mpishi Msangu na watu wamekuzunguka. Nikaona sina sababu ya kukuongezea cha kuchekea. Badala yake nikacheka na wewe, na tangu siku ile tumemcheka kila mtu: Misi, Crispin, makarani, wachungaji. Nilidhani dharau yetu ni akili iliyozidi. Ni uvivu tu. Kumcheka mtu ni kazi nyepesi kuliko kumsikiliza.

Sasa soma hapa vizuri, wewe msomi. Watu wa huko wanakula kwelea. Mwezi mzima umepasua ndege, hukumwona hata mtu mmoja akikuomba mizoga? Dawa hiyo ikimwagwa, asubuhi watakwenda kwenye matete na makapu. Wakubwa kwa wadogo watakwenda, na watashukuru.

Nenda kwa mama leo. Mwambie ni sumu. Usimchekeshe.

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi.

Lea


Mbeya,
18 Mei 1957

Lea,

Barua yako ilinifikia jioni ile ile ndege ilipokuja. Niliisoma nimesimama, na harufu ya ile dawa tayari imefika kambini. Nikaenda mbio kwa mama yako mdogo. Walikuwa wanakula.

Nikasema, "Mama, kesho msiwaguse wale ndege. Ni sumu."

Saulo akauliza, "Sumu kwa nani?"

"Kwa watu."

Damari akaweka tonge chini. "Juzi ilikuwa ya wajinga," akasema. "Leo tumekuwa watu?"

Nyumba nzima ikacheka. Lea, walicheka vizuri sana, nilikuwa nimewafundisha mwenyewe. Nikaapa. Nikaichukua Biblia ya Saulo rafuni nikaapa juu yake. Naye akanishika bega, akaniambia taratibu kabisa, "Mwanangu, kama Bwana wako anataka ndege wa kupasua, sema tu. Tutamwachia wake. Hakuna haja ya kututisha."

Asubuhi ardhi chini ya matete haikuonekana. Ilikuwa ndege tupu, wengine bado wanapapatika. Watu walikuja wakiimba. Nilisimama njiani na mikono nimeinyoosha. Nilimnyang'anya mwanamke mmoja kapu lake nikalimwaga, akanizaba kibao. Nikamkimbilia Bwana Harkness kwenye gari, nikamwomba awaamuru waache. Yule mtu wa kuamrisha, siku hiyo hakuwa na amri.

"Wanatusaidia kusafisha," akasema.

"Watakufa, Bwana."

"Wakiwapika vizuri hawatakufa. Na wewe acha kupiga kelele, utaleta fujo."

Saulo alikula wa kwanza, maana ndiye mwenye nyumba. Kabla ya adhuhuri jasho na mate vilikuwa vinamtoka bila kukoma, na mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano. Tulimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kwenda zahanati. Hakufika. Majirani zake nao wamekufa, wa nyumba mbili. Damari hakuwa amekula, alikuwa bado anawanyonyolea wengine. Lakini dawa ilimwingia kwa mikono. Yu hai. Nilipomwacha, mikono ilikuwa inatetemeka.

Mchana Bwana Harkness alikunja kambi, tukaja Mbeya. Siku ya ishirini na nne kutakuwa na baraza Rujewa mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Bwana Harkness atasema watu walikula nyama iliyooza, na mkalimani wake ni mimi. Ripoti yangu ya chuo ameshaiandika, na amenionyesha. Ni nzuri kupita nilivyotarajia. Hajatia saini.

Nifanye nini?

Asukile


Rujewa,
26 Mei 1957

Asukile,

Barua yako nilipewa na dereva nikiwa nimeshapanda basi kuja huku. Habari za msiba zilinifikia kwa midomo ya abiria, mapema kuliko wino wako.

Unaniuliza mimi ufanye nini. Mwanamume mzima, mwanachuo, anamwuliza mwalimu wa kushona kama aseme kweli au aseme uongo. Nilikuwa na siku za kutosha kukujibu. Sikukujibu kwa makusudi. Nilitaka kuona mtu niliyetaka kuolewa naye ana nini ndani, pasipo mimi kumtilia kitu.

Juzi nilikuwepo barazani. Nilikaa nyuma ya wanawake, nimejifunika khanga mpaka machoni. Bwana Harkness alisema maneno yake kuhusu nyama iliyooza, wewe ukanyamaza. Bwana Shauri akakwambia, "Tafsiri." Ukamtazama Bwana Harkness, mpaka nikaanza kukudharau upya. Halafu ukasema:

"Bwana anasema ndege walikuwa wameoza. Mimi nasema walikuwa na sumu. Yeye alijua, na mimi nilijua. Aliniamuru nisiwaambie, nami nikatii upesi kwa sababu niliwaona ninyi ni wajinga."

Ukageuka ukamwambia Bwana Shauri yale yale kwa Kiingereza. Bwana Harkness akawa mwekundu kama nyanya. Na yule mzee Jailos, aliyezika mke na mkwe kwa siku moja, akasimama na fimbo yake akakuuliza, "Kwa hiyo ungekuwa unatuheshimu, wangekuwa hai?"

Ukasema, "Ndiyo."

Ulisema vizuri. Hata sauti ulipandisha mahali pake ukashusha mahali pake. Ukasimama pale kama mtu anayengoja makofi, na yalipokosekana ukashika njia na miguu yako kabla baraza halijavunjika. Nilikuona mgongo mpaka ulipopotea.

Mshenga wa baba yako akija Iringa nitamrudisha. Asisumbuke na safari.

Jambo moja nimetumwa. Kwelea wamerudi. Wamepata matete mengine, wanakula kama hakukutokea neno. Mpunga wa mama umesimama shambani na mikono yake haiwezi kushika teo. Misi ananitaka Jumatatu, nisiporudi anaweka mwalimu mwingine. Jana mama ameniuliza, "Yule kijana wako anayejua kuniigiza, hawezi kuja kuniigiza juu ya dungu?"

Sikujua kama ni mzaha. Nakuandikia kama alivyosema.

Lea


Mbalizi,
20 Juni 1957

Mpenzi Lea (niruhusu niandike hivyo),

Nimetoka Rujewa juzi. Nilikwenda, kama ulivyotumwa kuniambia, na sasa nikueleze yote tangu mwanzo ili ujue mtu uliyemkatalia mshenga.

Bwana Harkness amewaandikia chuoni kwamba mimi ni mvivu, mgomvi, na kwamba nimemdhalilisha mbele ya washenzi. Uingereza basi tena. Baba yangu naye, Mzee Sedekia, alinipokea hapa kwa maneno yake: "Umekwenda kusomea ndege, umerudi huna hata unyoya." Wiki nzima hakunipa kazi yoyote nyumbani, alinipita kama kiti kilichovunjika. Ndipo nikafunga mzigo nikaenda Usangu.

Nilifika mchana. Mama yako mdogo alikuwa juu ya dungu, anapiga kelele kwa sauti iliyokauka. Alinitazama, akashuka, akaingia jikoni. Akatoka na ugali na bakuli la kitu cheusi, akaniwekea, akakaa mbele yangu. Majirani wakasogea. Jailos naye alikuwepo.

Nikanawa. Nikamega tonge. Mkono ukaganda juu ya bakuli.

Lea, niliogopa. Nakuambia wewe tu. Nilitazama kile kitu cheusi nikawaza mambo ambayo mtu hapaswi kuyawaza mbele ya chakula cha watu. Naye akaniona. Macho yake hayakunitoka usoni.

"Ni kunde," akasema. "Lakini utajuaje?"

Hakuna aliyecheka. Nikachovya, nikala. Nikamaliza. Akaniongezea, nikala tena. Kisha akanionyesha dungu kwa kidevu, nami nikapanda.

Nimeamia ndege pale, kutwa kuwafukuza, mpaka mpunga ukakatwa. Mabega yaliniuma hata kuvaa shati nikashindwa. Sikumwigiza mama yako. Niliwatukana ndege kwa sauti yangu mwenyewe, na kwa Kinyakyusa, nadhani walishangaa. Nimekata, nimepura, nimefunga magunia kwa mikono hii iliyozoea kalamu. Mwishoni hata wale walionitemea mate siku za kwanza walikuwa wananiita kwa jina.

Nadhani deni langu pale limekwisha. Mwezi ujao narudi Makerere, kama watanipokea. Basi litapita Iringa. Niambie kama nishuke, na kama utakuwepo kituoni.

Wako, ukipenda,
Asukile


Iringa,
6 Julai 1957

Asukile,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilipitisha kidole chini ya kila mstari, kama wasichana wangu wa darasa la kwanza, kwa maana nilikuwa natafuta neno moja. Nimeona chuo chako, na baba yako, na mabega yako. Nimeona hofu yako na kunde zako, ulizokula na ulizoongezewa. Neno lile sikuliona.

Nikajiambia, huenda alilisema na hakuliandika. Nikamwandikia mama kwa mkono wa mchungaji wao. Jibu limekuja leo.

Anasema ulikuwa mchapakazi. Uliamka mapema, ulikula ulichopewa, magunia uliyafunga vizuri. Nilikuwa nimemwuliza: alikupa pole ya msiba wa baba mdogo Saulo? Anasema hapana. Siku ya kwanza alidhani unaona haya mbele ya majirani. Siku zilizofuata alikuwa anakaa kidogo barazani baada ya kula, akikupa nafasi. Na siku ya kuondoka alikusindikiza mpaka kituoni ijapokuwa kifua kinamsumbua, akaona pengine utalisema huko, mkiwa wawili. Ulimpa mkono, ukamwambia mavuno ni mazuri, ukapanda basi.

Wala mimi hukunipa pole, katika barua zako zote.

Usishuke Iringa.

Lea